Ramani ya Kunde

Alhamisi, tarehe 16 Julai mwaka 1953, mwanangu Thobias alifaulu mtihani wa kufundisha mbele ya mkaguzi wa Kizungu, na siku hiyo hiyo nyumba yangu ikaharibika. Wengine husema siku mbaya huja na dalili, bundi au kujikwaa njiani. Mimi sikuona kitu. Nilikunywa uji wa mtama, nikafungua ng'ombe, nikavaa koti nililotoka nalo mgodini, nikaenda skuli kumwangalia mwanangu.

Naitwa Bartholomeo Bujiku. Kijiji chetu kilikuwa Mwabulima, mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Nilisoma mpaka darasa la pili kwa mapadre, kisha baba akaniita nikachunge. Baada ya kuoa nilikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita, nikafanya kazi ya chini, kusimamisha magogo ya kuzuia mwamba usituangukie. Nilikaa huko mpaka mgongo ukakataa. Nilichokipata kililiwa na skuli za Thobias, na sikulalamika. Mapadre walimchukua hata meno ya utoto hayajamaliza kung'oka, wakampeleka bweni. Akatoka huko akaenda Tabora. Akatoka Tabora akapanda meli Mwanza, akavuka ziwa kwenda chuo kikuu huko Uganda. Alikuwa anasomea digrii ya ualimu, ualimu wa historia, jiografia na uraia, yaani namna watu wanavyokaa katika nchi yao na kwa nini wanakaa hivyo.

Mke wangu Paskalia alijaribu kuwaeleza wanawake kisimani.

"Anasomea habari za watu," aliwaambia.

Limi, jirani yetu na rafiki yake wa tangu usichana, akatua mtungi chini. "Habari za watu? Mama Thobias, si ndizo tunazozipiga hapa kila siku? Basi na sisi tuletewe digrii zetu, tumekwisha kuhitimu."

Wakacheka. Paskalia alinisimulia jioni, akicheka na kukohoa, maana kifua kilikuwa kimemshika tangu masika.

Mwaka huo Thobias alibakiza mambo mawili. La kwanza, afundishe somo moja wakati wa likizo yake, katika skuli ya kwao, mkaguzi akiwa amekaa nyuma anamtazama. La pili, arudi chuoni akafanye mtihani wa mwisho wa kuandika. Akianguka kwa mkaguzi, mtihani wa mwisho haruhusiwi kuukalia. Akipita kote, anakuwa mtu wa kwanza wa Mwabulima kupata digrii, na huenda wa kwanza katika nchi yote ya mtemi wetu. Hilo ndilo tulilokuwa tunalingoja mimi na mama yake. Hatukuwa na lingine.

Siku chache kabla ya somo alikaa na mimi shikomeni, pale penye moto wa wanaume karibu na zizi, akaniuliza.

"Baba, wale ng'ombe wa mzee Mihayo wanaolala kwetu, walianza lini?"

"Hujazaliwa."

"Na wetu walioko kwa Makoye?"

"Hao ni wa juzi tu. Kwa nini?"

"Nataka kujua. Ni jambo zuri sana, baba. Vitabuni halimo."

Nikamweleza anachokijua kila Msukuma. Mtu mwenye akili hafungi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Anawaweka kwa rafiki, kwa shemeji, kwa mtu aliyemtendea wema. Aliyepewa anakamua maziwa, anatumia samadi, na ndama mmoja mmoja anapewa. Ugonjwa ukiingia zizi hili, zizi lile linapona. Njaa ikija huku, kule unapata mlango wa kubisha. Thobias alisikiliza kwa macho yote.

Lakini lilikuwepo jambo jingine, ambalo lilianza yeye akiwa bweni. Serikali ilikuwa imesema ng'ombe ni wengi mno, ardhi imechoka, kila mji, yaani kila nyumba na zizi lake, upunguze. Kila mwaka mwenye wengi alitakiwa apeleke kadhaa mnadani, atake asitake. Basi ng'ombe wa kuwekwa kwa watu wakapata faida nyingine. Mwenye wengi alionekana mwenye wachache. Kijiji kizima kilijua hivyo, na hakuna aliyelisema, hata kwa mkewe kitandani. Ng'ombe kwetu hata kabla ya serikali hawahesabiwi kwa sauti. Ukitaka kujua kama wote wamerudi, unawatazama, unaona yupi hayupo. Humnyoshei mtu kidole ukasema anao kadhaa. Thobias hakuliuliza hilo kwa sababu hakujua kwamba lipo, na mambo ya namna hiyo hayasemwi shikomeni.

Skuli yetu ilikuwa na kuta za udongo zilizoishia kifuani, juu wazi, kwa hiyo siku ile wazazi tulisimama nje tukaegemea ukuta kama watu waliokuja mnadani. Mwalimu Stanslaus, mkuu wa skuli, alikuwa amefagia na kunyunyiza maji mpaka panang'aa. Gari la mkaguzi likaja na vumbi lake. Upande mmoja akateremka mkaguzi, mtu mrefu mwenye soksi za magotini. Upande wa pili akateremka bwana mifugo.

Huyo tulimjua. Ndiye aliyekuwa akisimama mnadani na kopo la rangi, akiwapaka mgongoni ng'ombe wanaotakiwa kuuzwa. Aliingia darasani nyuma ya mkaguzi, akakaa benchi la mwisho, kofia juu ya goti. Watu wakatazamana. Mmoja akasema huenda amepewa nafasi garini tu, ana safari zake mbele. Tukakubali hivyo.

Thobias alikuwa amechora kijiji sakafuni kwa majivu. Kijito kilikuwepo, mawe ya kilimani yalikuwepo, njia ya kwenda dukani, na kila mji aliufanya duara. Watoto wa darasa la nne walikuwa wamezunguka wamechuchumaa, kila mmoja na kifuko cha kunde alichotoka nacho nyumbani.

"Kila mmoja aende kwenye duara la kwao," Thobias akasema. "Kunde moja, ng'ombe mmoja."

Makoye alikuwa ameegemea karibu yangu. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana wa kijiji. Shamba likitaka kulimwa kwa pamoja au kaburi likitaka kuchimbwa, yeye ndiye mwenye amri. Akanigonga kwa kiwiko.

"Baba Thobias, mwanao amevuka ziwa lote akaturudia na kunde? Hizo hata mama yangu anazo."

"Ngoja zichemke," nikamwambia.

Watoto wakaanza kuweka. Mtoto ukimwambia aonyeshe kwao, haonyeshi umaskini.

"Mwongo!" msichana mmoja, Sikujua, binti wa Makoye mwenyewe, akamkemea nduguye wa duara lao. "Umemwacha yule mweupe mwenye pembe moja. Tena ana mimba."

"Mimba haihesabiwi!"

"Inahesabiwa! Mwalimu, eti mimba haihesabiwi?"

"Tumwache azaliwe kwanza," Thobias akasema, na mkaguzi akacheka, na sisi ukutani tukacheka. Makoye alicheka kuliko wote. Nilimwona Paskalia upande wa wanawake, khanga imefungwa kifuani, mkono mdomoni kuzuia kikohozi asije akamharibia mwanawe somo.

"Sasa," Thobias akasema, "wapo ng'ombe wanaolala kwenu lakini si wenu. Na wapo wenu wanaolala kwa wengine. Chukueni hizi nyuzi za katani. Toka duara la mwenyewe, vuteni uzi mpaka duara wanakolala."

Makoye akaacha kucheka. Hakuna mzazi aliyesema kitu. Tungesema nini, mkaguzi yumo ndani, bwana mifugo yumo ndani, na mtoto wangu anafanya mtihani? Watoto wakavuta nyuzi. Walizijua zote. Ni watoto ndio wanaochunga, ndio wanaojua ng'ombe yupi anageukia njia ipi jioni.

Walipomaliza, sakafu ilikuwa kama utando wa buibui. Thobias akasimama katikati, akaunyanyua uzi mmoja kwa kidole, na kunde za miji kadhaa zikatikisika.

"Tazameni," akasema. "Nani anaweza kukikata kijiji hiki vipande? Ukigusa mji mmoja, mingine inasikia. Watu wengine wana benki zao na sheria zao zilizoandikwa. Hii ni yetu. Hakuna aliyeiandika, na inashika."

Mkaguzi akapiga makofi. Mimi sijui digrii inavyopatikana, lakini nilimwona Mzungu yule anavyomtazama mwanangu, nikajua ameipata.

Bwana mifugo akainuka. Akaizunguka ramani polepole, akiangalia asikanyage hata kunde moja. Akachuchumaa kwenye duara lenye kunde chache na nyuzi nyingi.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mzee Mihayo, bwana!" watoto wakajibu kwa pamoja, wamefurahi kwa sababu wanajua jibu.

"Nyuzi zake zinakwenda wapi?"

Wakamwambia. Mmoja baada ya mmoja, mikono juu, kila mtu akitaka aitwe yeye. Bwana mifugo hakuandika kitu. Alisema asante, akarudi benchi lake.

Nyumbani Paskalia alikuwa amechinja kuku. Thobias aliingia akiwa bado na majivu ya ramani kwenye suruali.

"Mkaguzi amesema hajaona somo kama hili toka aje nchi hii," akasema. "Amesema ataandika chuoni leo leo. Mama, nimepita."

Mama yake akapiga vigelegele, kikohozi kikamkatiza. Mimi nikamwambia Thobias akae. Nikamweleza lile lisilosemwa. Nilimweleza lote, na nyama ikiwa mkononi mwake. Akairudisha bakulini taratibu, akaitazama.

"Kwa nini alikuja?" akauliza. "Yule si mtu wa elimu. Nani alimwita?"

Mama yake akafunika bakuli.

Askari wa baraza wa mtemi walikuja kabla mwezi mwingine haujaandama. Miaka mingine walikuwa wakiuliza, wanabishana, wanatishia, wanapewa pombe, wanaondoka na wachache. Mwaka huo hawakuuliza. Walikwenda moja kwa moja mpaka zizi linalohusika, wakasema, hawa ni wa fulani, toa. Kwangu waliwatoa wa Mihayo wote, na wangu wakawapunguza. Kwa Makoye walimtoa hata yule mweupe mwenye pembe moja, na mimba yake. Mihayo alipoteza kila mahali. Alikuja akasimama mlangoni mwa zizi langu. Tulichunga pamoja tukiwa watoto uchi.

"Bujiku," akasema, "mimi nilikupa wewe. Sikumpa mwanao."

Akaondoka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Vijana wakakutana uani kwa Makoye, Thobias akaitwa. Nilikwenda naye. Makoye hakupandisha sauti.

"Kijana, hakuna anayetaka kukupiga. Tunajua umetumwa. Mtoto wa hapa hawezi kufanya vile kwa akili yake. Sema tu nani alikutuma. Sema, bwana mifugo alinituma. Toeni dume moja, tule, yaishe."

"Hakunituma."

"Basi mkaguzi."

"Sikutumwa na mtu. Nilitaka kuonyesha uzuri wa jambo letu."

"Uzuri!" mmoja akasema kwa nyuma. "Mwacheni jamani, huyu amesomea habari za watu."

Wakacheka, lakini hakikuwa kile kicheko cha kisimani.

Wangemsadiki kama angesema ametumwa. Mtu aliyetumwa wanamwelewa. Wote waliwahi kutumwa, kulima matuta, kubeba mizigo, kujenga barabara. Mtu aliyeyatoa mambo ya kijiji kwa kuyapenda, huyo hawakuwa na mahali pa kumweka. Basi wakasema mji wetu unyimwe moto.

Asiye wa kwetu anaweza kudhani ni jambo dogo. Mji ulionyimwa moto hauombwi wala hauombi. Moto ukizimika hupewi kaa la jirani. Hupewi mkono shambani. Hakuna anayeingia kwako, na ukisalimia hujibiwi. Anayevunja amri hiyo, naye ananyimwa. Inakwisha siku unapotoa dume na kusema unalotakiwa kusema. Kiberiti nilikuwa nacho, dukani kinauzwa. Moto tuliwasha. Lakini moto wa kiberiti hauji na mtu aliyeuleta, hauji na habari, hauulizi mgonjwa ameamkaje.

Nilimwambia Thobias aseme.

"Sema umetumwa. Neno moja tu. Mama yako anaumwa."

"Nikisema, baba, litafika ofisini. Watasema nimewasingizia. Somo litafutwa, na mtihani wa mwisho sitaukalia."

"Na usiposema?"

Alisukuma kuni motoni. Halafu akasema, "Na ni uongo. Nikidanganya juu ya somo langu la kwanza, hayo mengine nitayafundishaje?"

Paskalia alikuwa amelala kwenye ngozi yake, tulidhani amesinzia. "Mwacheni, Baba Thobias," akasema. "Nimekaa na moto wa watu tangu nizaliwe. Nitakaa bila huo mpaka apate digrii yake. Si siku nyingi."

Ndivyo tulivyokaa. Maji nilichota mimi, mwanaume mzima na mtungi, na wanawake wakinyamaza mpaka niondoke. Limi alikuwa akinitazama, kisha anatazama chini. Thobias alipika. Meli yake ya Mwanza ikaondoka bila yeye, akasema ataipanda ijayo, mama akipata nafuu. Ile ijayo nayo ikaondoka.

Nilikwenda kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, ambaye analipwa na mtemi ili mambo kama haya yasitokee. Nilimwomba awaamuru vijana. Alikuwa anaparua kucha kwa kisu.

"Mambo ya vijana ni ya vijana," akasema.

"Na ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe ni ya mtemi."

Nikaenda kwa mtemi. Nilingoja barazani mpaka jua likapinduka. Mtemi akasema ya ng'ombe ni ya Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya, na mambo ya skuli si ya baraza lake, na kama mke wangu anaumwa, hospitali ya misheni ipo. Hospitali ipo, kweli. Kuifikia ni machela, na machela ni watu wanne kubeba na wanne kupokea. Sisi tulikuwa wawili.

Tulimpeleka kwa baiskeli ya kuazima kutoka duka la Mhindi, ambaye amri ya vijana haikumhusu. Tulimkalisha nyuma, tukamfunga kwa khanga mgongoni kwa Thobias, Thobias amepanda mbele akisukuma kwa miguu, mimi nikishikilia kwa nyuma. Njiani alikuwa anaongea kidogo kidogo. Aliuliza kama tumefunga mlango wa kuku. Baadaye hakuuliza tena. Tuliendelea kusukuma. Mimi nilijua, nadhani na Thobias alijua, maana uzito unabadilika, lakini hakuna aliyesema simama. Tulisukuma mpaka kwenye lango la misheni. Mtawa akaja akamgusa shingo, akasema tumrudishe nyumbani.

Kurudi, baiskeli ilikuwa nyepesi kusukuma kwa sababu njia ni ya mteremko.

Mtu aliyenyimwa moto hachimbiwi kaburi. Nilikuwa nimebaki na dume moja. Nikalifungua mwenyewe, nikalipeleka kwa Makoye kwa kamba. Alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na yule?" akasema, akimaanisha Thobias.

"Yule hasemi kitu. Lichukue dume. Mimi ndiye ninayesema. Ametumwa. Mimi baba yake nasema ametumwa."

Makoye akaipokea kamba. Vijana wakaja na majembe, wakachimba vizuri, udongo ulikuwa mgumu na hawakulalamika. Nyama ililiwa. Mihayo hakuja. Limi alikuja na makaa kwenye kigae, akapiga magoti jikoni kwa Paskalia, akayapuliza mpaka yakashika. Alikuwa akipuliza na machozi yanadondoka jivuni. Mimi nilimshukuru. Nilikuwa nangoja na mimi nisikie kitu moyoni, na sikusikia. Toka siku ile sijasikia. Nakula, nalala, nikiulizwa hali nasema nzuri.

Thobias alipata habari kwamba mama yake alizikwa kwa neno langu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, baba," akakunja nguo zake. Nilidhani anakwenda kupanda meli. Alikwenda Geita, mgodini, akaandikishwa kazi ya chini, kusukuma matoroli ya mawe.

Mimi nikauza nilichobaki nacho nikahamia Shinyanga, Ngokolo, chumba cha kupanga. Hapa watu wametoka kila upande na moto wanapeana bila kuuliza. Kwa kuwa nilikuwa na muda, nikaanza kuuliza lile swali ambalo Thobias aliliuliza akiwa na nyama mkononi.

Nilianza na Mwalimu Stanslaus. Aliniamkia kwa heshima, shikamoo mzee, akanipa kiti. "Mimi niliambiwa nifagie," akasema, "nikafagia. Nilimwona akiteremka kama ulivyomwona wewe." Nikaenda ofisi ya bwana mifugo. Tarishi akasema bwana amehamishwa, kaenda upande wa Dodoma, na mpya hajui mambo ya wa zamani. Nikangoja kwenye veranda ya mkaguzi, leo na kesho yake, mpaka akatoka. Alimkumbuka Thobias kabla sijamaliza jina.

"Mwanao ni mwalimu hodari sana," akasema. "Somo lile nimewasimulia walimu wengi, sasa wanalifundisha hivyo hivyo. Mwambie arudi chuoni. Nafasi yake wameishika mpaka mwaka huu uishe."

"Ahsante, bwana. Siku ile, bwana mifugo nani alimwalika?"

Akafikiri. Sidhani alikuwa anaficha. Alikuwa anatafuta kweli kichwani mwake na haoni.

"Sikumbuki," akasema. "Labda aliomba. Labda nilimwomba mimi. Huenda aliagizwa. Kwani kulikuwa na tatizo?"

Nilisema hakuna, bwana. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ulimi ulijibu wenyewe, kama unavyojibu ukiulizwa hali.

Mwezi uliopita nilikwenda Geita. Nilimkuta Thobias kambini, amekaa juu ya ndoo anafua ovaroli. Amekonda, mabega yamekuwa ya mgodini. Wenzake wanamwita Mwalimu. Mmoja alipita akamtania, "Mwalimu, leo tufundishe jiografia ya huko chini, mbona giza?" Akamjibu, "Lipa ada kwanza." Nikasikia akicheka kidogo, nikashangaa kwamba bado anaweza.

Nikampa salamu za mkaguzi. Nikamwambia nafasi imeshikwa mpaka mwaka huu uishe, baada ya hapo wataifunga. Umebaki mtihani mmoja, mwanangu. Mama yako alisema atakaa mpaka upate.

Aliisuuza ovaroli, akaikamua mpaka tone la mwisho.

"Mtihani nitauweza," akasema. "Kinachonishinda ni kile kinachofuata. Baba, mwalimu anasimama mbele. Siwezi kusimama mbele ya watoto, nikawaambia nyosheni mikono, bila kujua aliyekaa nyuma kaletwa na nani. Ukinijulisha, awe mtemi, awe mkaguzi, iwe alijipandia tu gari kwa kuwa lilikuwa na nafasi, nitarudi. Hata ikiwa hiyo ya nafasi nitarudi. Nataka tu kujua."

Akaitundika ovaroli kwenye kamba, akaenda kujipanga kwenye foleni ya zamu ya kushuka. Nilimtazama mpaka wakaingia.

Mwaka unakwisha. Mtemi yupo, mwanangwa yupo, mkaguzi yupo, bwana mifugo yupo huko Dodoma anapaka rangi migongo ya ng'ombe wa watu wengine. Wote wanakula mishahara yao na wote wana midomo. Sitaki ng'ombe, sitaki fidia, na Paskalia harudi. Ninachouliza ni kidogo, na mpaka leo hakuna aliyenijibu: asubuhi ile, kabla gari halijawashwa, nani alimwambia bwana mifugo apande?